Kipe au Boti: Shauri la Chombo cha Uvuvi katika Ziwa Tanganyika

Dagaa wa Kigoma, ambao kila mji ulio kando ya reli ya kati huwatambua kwa harufu kabla ya kuwaona, hufika Tabora wakiwa wamekauka na kufungwa magunia, na aghalabu mtu anayewanunua hapa mtaani Ng'ambo hana haja ya kuuliza walivuliwa na chombo cha namna gani. Lakini wako miongoni mwetu wafanyabiashara ambao, baada ya kununua na kuuza kwa miaka mingi, huona kwamba sehemu nono ya faida inabakia ufukoni, wakaazimia kutia rasilimali yao katika chombo, ama peke yao, ama kwa ubia na jamaa aliyeko Ujiji, Kibirizi au Katonga. Na hapo ndipo linapozuka swali ambalo mtu wa bara hulijibu kwa haraka kuliko inavyofaa: anunue kipe, yaani mitumbwi miwili ya mbao iliyounganishwa kwa miti ili ibebe wavu mmoja, au anunue boti moja ndefu yenye mkuku na mashine ya nyuma?

Mwenye fedha ambaye hajapata kulala ziwani hutazama urefu kwanza, akidhani kwamba chombo kirefu ndicho chombo chenye faida. Mimi nashikilia kwamba urefu ni jambo la mwisho kutazamwa. Linalotangulia ni wavu, kisha ufuo ambako chombo kitalala, kisha watu watakaokivuta na kukiendesha. Na mtu akishayajua hayo matatu kwa yakini, ukubwa hujitokeza wenyewe, wala hauhitaji mjadala mrefu.

Shauri la vyombo viwili si geni katika njia ya zamani ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Wapelelezi Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858, walihangaika sana kupata chombo cha kuwafaa. Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyam amkodishe jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Ndipo ikawabidi wachukue mitumbwi miwili ya gogo kwenda Uvira, mmoja ukiwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 4 tu, na wa pili ukiwa kama theluthi mbili ya huo. Tazama vipimo hivyo: gogo la mti linaweza kumpa mtu urefu apendao, lakini upana hauzidi unene wa mti wenyewe, na kwa hiyo mtumbwi wa gogo, hata uwe mrefu kiasi gani, hubaki mwembamba, wenye mbavu fupi juu ya maji, na wimbi la kiasi huingia ndani bila kizuizi. Miaka 18 baadaye, mwaka 1876, mpelelezi mwingine, Henry Stanley, alizunguka ziwa zima kwa siku 51 akiwa na vyombo viwili vilivyotofautiana kabisa kwa asili: Lady Alice, mashua ya mbao iliyoundwa Uingereza na kubebwa vipande vipande na wapagazi tangu pwani, yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, na mtumbwi mkubwa wa gogo ulioitwa Meofu, alioazimwa na Muini Kheri, liwali wa Ujiji. Lady Alice ilikuwa fupi kuliko ule mtumbwi wa Burton kwa futi 20 nzima, lakini ilikuwa pana zaidi, kwa sababu mbao humruhusu fundi kuupanua mwili wa chombo kadiri atakavyo. Na ruhusa hiyo ya mbao ndiyo iliyozaa vyombo vyote viwili tunavyovishindanisha leo.

Kabla ya kuvishindanisha, sharti tulijue ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, lakini sehemu kubwa ya maji hayo ni tupu, kwani huko chini hakuna oksijeni, na samaki wote huishi katika tabaka la juu, ambalo upande wa kaskazini ni la mita mia moja hivi. Dagaa huzama mchana kujificha wasionwe na migebuka wanaowawinda, na usiku hupanda wakiwafuata wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula chao. Wavuvi wa zamani waliijua tabia hiyo, wakawasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi, na dagaa walipokusanyika katika mwanga wakawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Karabai zikaja zikachukua mahali pa kuni, na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zinachukua mahali pa karabai. Ama wavu mkubwa ulikuja katika miaka ya 1950 kutoka upande wa Burundi, ambako wavuvi wa Kigiriki walileta meli za wavu wa kuzungusha, na muda si mrefu wavuvi wadogo wa huko wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili na kutumia wavu wa kuinua. Ufundi huo ukashuka kusini mpaka ukawa ndio kazi ya kila usiku wa giza katika fuo za Kigoma.

Kipe hufanya kazi kwa utaratibu unaostahili kuelezwa kwa makini, maana ndani yake mna jibu la nusu ya swali letu. Mitumbwi miwili, kila mmoja ukiwa na urefu wa kama mita sita au saba, huwekwa sambamba ikiacha nafasi katikati, ikafungwa kwa miti ya kukingama; kisha miti mingine mirefu hutokezwa mbele na nyuma, ili wavu uning'inie kwa kamba kutoka pembe nne zilizo mbali mbali. Chombo kikifika mahali penye kina, taa huwashwa na kuning'inizwa juu ya maji, wavu hushushwa chini ya taa, na watu hungoja, pengine kwa saa nyingi. Mwanzo huonekana vijidudu tu vikicheza katika mwanga, kisha mng'ao mmoja mmoja wa fedha, na hatimaye maji yote chini ya taa hugeuka rangi kwa wingi wa dagaa wanaozunguka. Hapo taa za pembeni hupunguzwa mwanga, au huzimwa moja baada ya nyingine, ili kundi lijikusanye chini ya taa ya katikati, na wavuvi, kila mmoja akiwa kwenye pembe yake, huanza kuvuta kamba kwa pamoja na kwa kasi moja. Akilegea mmoja, pembe yake hubaki chini, na dagaa humwagika kwa upande huo.

Sasa jiulize boti moja ingelifanyaje kazi hiyo. Wavu huo, ukijaa maji na samaki, hauna uzito wa kuchezewa. Ukivutwa kutoka ubavuni mwa boti moja, uzito wote huangukia upande mmoja, nao watu wanaovuta wamesimama upande huo huo, na chombo huinama mpaka ukingo wake unakaribia maji. Katika kipe uzito hukaa katikati ya miili miwili, kila mmoja ukibeba nusu yake, na kuinama hakupo. Kwa hiyo, mtu anayekusudia dagaa na dagaa tu, kwa wavu wa kuinua, hana haja ya kuumiza kichwa: wavu umekwisha kumchagulia.

Lakini si kila riziki ya Tanganyika ni dagaa wa taa. Wako sangala na kuhe wanaovuliwa kwa nyavu za kutega, wako migebuka wanaovuliwa kwa mishipi, na iko kazi ya kuchukua dagaa waliokwisha kuanikwa katika vijiji vya mbali na kuwaleta Kigoma, kazi ambayo katika pwani isiyokuwa na barabara nzuri ina faida kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kazi hizi zote boti ya mwili mmoja haina mshindani. Nayo, ikiwa imeundwa na fundi anayeijua kazi yake, ni chombo cha kupendeza kukitazama kikiwa bado juu ya magogo: mkuku wa mti mmoja mnene ulionyooka; hanamu iliyopinda kwa mbele ili iyakate maji kabla ya kuyapanda; mataruma yaliyopangwa karibu karibu kuzishika mbao za mbavuni; na tezi iliyokatwa bapa kwa ajili ya kufungia mashine. Fundi akimaliza kupigilia mbao huingia katika kazi ya kalafati, akiisokota pamba iliyotiwa mafuta na kuishindilia katika kila mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti, pole pole, sauti ya nyundo ikibadilika pindi pamba inapokaza. Na anayetaka kujua kama fundi ni mwaminifu, asiutazame upande wa nje uliopakwa rangi, bali ainame aangalie chini, pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, maana hapo pana giza na hapapendezi, na ndipo fundi mvivu anapopitisha nyundo kwa haraka.

Likija suala la mawimbi, tofauti ya vyombo hivi viwili inakuwa kubwa, na hapa ndipo watu wa bara wanapodanganyika. Mtu akikanyaga kipe ufukoni, kikiwa katika maji matulivu, anaona kwamba hakitikisiki, akasema moyoni kwamba hiki ndicho chombo salama. Akipanda boti, inamyumbia miguuni, naye anaiogopa. Utulivu wa kipe ni wa kweli, lakini ni utulivu wa maji yaliyolala. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa urefu wa ziwa, na kwa kuwa ziwa ni refu na limenyooka kuelekea kaskazini, mawimbi hupata masafa marefu ya kukua kabla ya kufika ufuo wowote. Katika mawimbi hayo mtumbwi mmoja wa kipe hupanda wakati mwenzake unashuka, na miti inayoiunganisha hupindwa huku na huku. Mti haukatiki mara moja, ila kamba hulegea kidogo kidogo, tundu hupanuka, mpaka mwili mmoja unaanza kwenda njia yake. Boti ya mwili mmoja, ambayo ufukoni iliyumba, huko nje hulala na wimbi na kuinuka nalo, na mkuku wake huizuia isisukumwe kando.

Nayo ina hatari yake, ambayo ni lazima isemwe wazi kwa kuwa imekwisha kuwapoteza watu. Maji yakiingia ndani ya boti na kukusanyika katika ngama bila kutolewa, kila chombo kinapoinama hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito, na vivyo hivyo hufanya dagaa wabichi waliomwagwa ovyo sakafuni; boti ambayo saa moja kabla ilikuwa imara hupinduka kwa wimbi dogo. Ndiyo sababu nahodha mwenye hadhari hugawa tumbo la boti kwa mbao za kukingama, akawa na upo wa kutolea maji karibu na mguu wake, na hakubali shehena ilundikwe juu ya kingo, hata mwenye mali akikasirika.

Ama kuhusu ukubwa, liko jambo moja la hesabu ambalo lingefaa lijulikane na kila mtu kabla ya kutoa arubuni. Ukiongeza urefu wa chombo mara mbili, na upana na kina chake vivyo hivyo, hukupata chombo maradufu, ila umepata cha mara nane. Kitabeba mara nane, naam, lakini nacho kitakuwa kizito takriban kwa kadiri hiyo, na kila alfajiri itabidi kipandishwe ufukoni na mabega ya watu. Katika ghuba ya Kigoma, iliyokingwa na vilima, chombo kizito kinaweza kuachwa kikielea kwenye nanga. Katika fuo zilizo wazi upande wa kusini, kama Kalya na Sibwesa, ambako hakuna kizuizi kati ya mchanga na upepo, chombo kisichoweza kupandishwa na wavuvi wake wenyewe pamoja na majirani wachache hupigwa na mawimbi usiku mmoja na kuvunjika. Nimesema kwamba ufuo hutangulia urefu. Maana yangu ni hii.

Iko pia hesabu ya siku ambazo chombo hakifanyi kazi, nayo mwekezaji wa mbali huisahau daima. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, na vipe hulala ufukoni kwa muda wa juma zima au zaidi katika kila mwezi, wakati boti ya nyavu za kutega au ya kubeba mizigo inaendelea na kazi. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa mwafaka wa nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate wasaa wa kuzaliana. Naiona hatua hiyo kuwa ya haki, maana dagaa, ambaye umri wake ni kama mwaka mmoja tu, hana akiba ya vizazi vya kumwokoa akivuliwa bila kiasi. Lakini chombo cha mbao kikikaa miezi mitatu juani bila kugusa maji, mbao husinyaa na pamba huachia, na kabla ya kurudi ziwani ni lazima kipigwe kalafati upya; mwenye kipe hulipa fundi kwa miili miwili, mwenye boti kwa mmoja. Wenye busara huvifunika vyombo vyao kwa makuti au maturubai na kuvimwagia maji jioni, wakiokoa fedha nyingi kwa kazi ndogo.

Mbao zenyewe zinaweza kutoka karibu na kwetu. Mninga wa misitu ya miombo ya Unyamwezi husifiwa na maseremala kwa sababu haupindi wala hausinyai sana ukikauka, na ubao wake hukaa majini kwa miaka bila kuoza. Mvule nao unasifika, ila ni adimu na bei yake ni kubwa. Anayenunua mbao adai kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mbao zisizo na kibali zikikamatwa njiani, chombo hukwama kabla ya kuanza. Wako wanaoshauri kuachana na mbao kabisa na kuchukua boti za faiba, ambazo serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi katika miaka hii. Hazifungui mianya, ni nyepesi, na hazili pamba. Nazikubali kwa mji kama Kigoma wenye mafundi na vifaa. Kwa kijiji cha mbali, ambako ubao uliotoboka hubadilishwa siku ile ile na fundi anayekaa nyumba ya tatu, faiba iliyopasuka juu ya jiwe inaweza kulala ufukoni msimu mzima ikingoja dawa na mtu anayejua kuitumia.

Sasa nitoe shauri langu kwa yule jamaa wa Tabora mwenye akiba yake. Asiamini kwamba milango miwili hii haina njia kati yake. Kipe, ukikitazama vizuri, ni mitumbwi miwili ya kawaida na miti kadhaa, na miti ikifunguliwa hubaki vyombo viwili vinavyoelea vyema kila kimoja peke yake. Kinachovizuia kufanya kazi nyingine ni kwamba mafundi huviunda vyembamba mno na vyenye ncha nyuma na mbele, kwa sababu mnunuzi hakudai zaidi. Mnunuzi akidai mapema, kabla mkuku haujalazwa, kwamba mmoja kati ya mitumbwi miwili uongezwe upana kidogo, upewe mkuku wenye kina cha kutosha na tezi bapa ya kufungia mashine, atakuwa na kipe katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiingia atafungua kamba, atautoa mtumbwi huo na kuutumia kwa nyavu za kutega au kwa mizigo, badala ya kulisha wavuvi wanaokaa bure. Gharama inayozidi ni ya mbao chache na siku chache za fundi. Vipo vizuizi viwili, navyo ni vya haki: mtumbwi mpana zaidi utaelea juu kuliko mwenzake, na lazima utiwe farumi ya mawe unapofungwa katika kipe ili pembe nne za wavu zikae sawa, na mashine iliyofungwa upande mmoja hutaka kukigeuza chombo, hivyo anayeshika mkono wa mashine awe mtu mzima aliyeizoea.

Kwa anayeweka chombo katika fuo za kusini zilizo wazi, shauri hilo silitoi. Huko achukue boti ya mwili mmoja, ya mita nane au tisa, asizidishe, na awaachie dagaa wa taa wenyeji wanaojua ni usiku upi wa kutoka na upi wa kulala.

Vyovyote atakavyoamua, agizo lipelekwe kwa fundi mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha, ili mbao zipate muda wa kukauka chini ya kivuli na kazi ikamilike kabla ya msimu. Chombo kikishushwa, kiachwe majini usiku mzima kikiwa kitupu, na asubuhi mnunuzi mwenyewe aingie aone maji yamefika wapi katika ngama kabla ya kumaliza kulipa. Ubia na jamaa uandikwe, pamoja na fungu la chombo, fungu la wavu na fungu la wavuvi baada ya mafuta kuondolewa, mbele ya viongozi wa kikundi cha ufuo kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Leseni na usajili viwe kwa jina lililomo katika hati hiyo. Na jaketi za kuokolea maisha zinunuliwe siku ile ile ya kununua wavu, moja kwa kila mtu atakayelala ziwani.